Safari ya Mguu Usiosikia

Haya, jumuiya ya Nakwa, mmeniuliza mpaka mmenichosha. Kila nikitoka kanisani kuna mtu anatazama kwanza chini, anahakikisha, ndipo ananiamkia. Miguu ni miwili, yote ipo. Sasa kaeni niwaeleze mara moja, ili Mama Bonifasi aache kusimulia habari asizozijua.

Mnajua ilivyoanza. Sukari ninayo miaka mingi, na miguu ilikuwa inakufa ganzi kuanzia vidoleni, kama mtu aliyevaa soksi nzito wakati hajavaa kitu. Pale kliniki mjini wakaniambia niende Dar es Salaam, kuna wataalamu wa miguu tu, waiangalie kabla haijaharibika. Kabla haijaharibika! Nani anapeleka kitu kizima kwa fundi? Kuna mzee wa kule Sigino naye aliitwa "kuangaliwa mguu", akarudi na magongo. Na mimi cherehani yangu ni ya kukanyaga. Anayenikata mguu amenikata na mikono, kisha ameninyang'anya na sahani.

Lakini mwanangu Selestini, anayeishi huko Dar, alishapanga kila kitu na wifi yangu Tereza. Walipanga kwa simu, wakinong'ona. Tereza ni dada wa marehemu mume wangu, tunakaa wote nyumba moja hapa Nakwa tangu ndoa yake ilipovunjika, na hatujawahi kugombana kwa sauti. Akasema, "Nitakusindikiza, wifi." Nikamtazama. Tangu lini?

Nakwa hadi stendi

Asubuhi ya safari nilifunga chumba cha cherehani kwa kufuli. Mle ndani kuna vitambaa vya watu, sare za kwaya, na ile mashine yenyewe. Tereza akauliza kwa sauti ya upole mno, "Ufunguo unamwachia nani?"

Nikasema, "Usijali, upo mahali pake."

Mahali pake palikuwa hapajulikani bado. Pindo la kitenge kila mwizi wa stendi analijua. Pochi inakatwa na wembe. Kifuani nako, mtu ukisinzia kwenye basi umekwisha. Basi nikaingia chooni, nikaudumbukiza ndani ya soksi ya mguu wa kulia, nikavaa juu yake viatu vyangu vyeusi vya mnadani, vile vya kufunika vyenye mkanda na chuma cha kufungia. Nikatembea mpaka kwenye bajaji kujaribu. Sikuusikia hata kidogo. Nikajipongeza kwa kupata mahali pazuri namna hiyo.

Babati hadi Kondoa

Tulikaa siti za mbele. Kabla hatujafika Bonga akasimama kijana wa kuuza dawa, mwenye tai na mkoba, akaanza: "Ndugu abiria, nani miguu inakufa ganzi? Nani inawaka moto usiku? Nani kisigino kimepasuka, vidole vinanuka, kucha zimegeuka njano?"

Jamani! Kila alichotaja ninacho. Nikamgeukia Tereza. "Umemwambia wewe?"

"Nimwambie nani? Hata simjui!"

"Mbona anataja ya kwangu tu?"

"Wifi, anataja ya basi zima. Tazama."

Kweli, nusu ya basi walikuwa wanajaribu kuvua viatu. Kijana akaniinamia na chupa yake ya mafuta. "Mama yangu, shikamoo. Vua kiatu nikupake bure, uone maajabu." Nikarudisha miguu yote miwili chini ya siti. Bure! Mtu anayetaka nivue kiatu, siku hiyohiyo nilipoweka ufunguo ndani ya soksi? Nikamwambia marahaba, apite. Moyoni nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na wangu nimekaa naye siti moja.

Milima ya Bereko ikatupokea kwa tairi kupasuka. Dereva akasema ni jambo la dakika chache, nasi wote tukajua maana yake. Wanaume wakazunguka lile tairi wakitoa ushauri, na hakuna aliyeshika spana isipokuwa kondakta. Wanawake tukatafuta kivuli. Tereza alinitandikia khanga, akasema, "Vua viatu, wifi, miguu ipumue. Nesi alisema joto la kiatu si zuri."

Nikamjibu, "Ipumue inakwenda wapi?"

Mimi nilitembeatembea kando ya barabara muda wote huo, kwenda na kurudi, kwa sababu nilisikia kwamba damu inataka kutembezwa. Nilikanyaga vizuri kabisa.

Kondoa hadi Dodoma

Kondoa tukateremka kula. Hoteli ilikuwa na harufu nzuri ya supu ya mbuzi, na mhudumu mwenyewe, kijana mwembamba, alikuwa na haraka za ajabu. Nikaagiza supu, chapati moja na chai.

"Chai ya rangi au ya maziwa?"

"Ya rangi. Ila mimi nina sukari."

Akanitazama vibaya. "Mama, samahani. Hapa haturuhusu mteja kuja na sukari yake."

"Nimesema nina sukari!"

"Nimekusikia, mama. Iache kwenye basi. Sisi ya kwetu ipo, tena haina malipo."

Tereza akacheka mpaka chapati ikamwingia vibaya. Mimi sikucheka. Nilidhani Tereza amemkodi. Chai ikaja imeshakorogwa, tamu kama ya arusi, nikaisukuma mbali na kunywa maji. Nilipomaliza kula nikauliza choo kiko wapi, na Tereza akainuka pamoja nami. Nikakaa. Naye akakaa. Nikaona wazi kwamba ninachungwa.

Dodoma tuliingia jua likiwa limeshaelekea kuzama, vumbi mpaka kwenye kope. Tulipanga chumba kimoja nyumba ya wageni karibu na stesheni, kitanda kimoja. Nikalala na soksi zangu. Tereza aliniletea maji kwenye beseni. "Tuoshe miguu, halafu nikukaushe katikati ya vidole. Selestini amenisisitiza."

"Selestini amekusisitiza nini kingine?"

"Wifi, una nini wewe?"

"Nimechoka," nikasema, na nikageukia ukutani. Maji yakapoa hapohapo kwenye beseni.

Dodoma hadi Dar kwa treni ya umeme

Ile treni sina ubaya nayo. Ubaya ni mlangoni. Pale kuna fremu ya kupita, na mimi nilipopita ikalia. Nikarudi, nikapita tena, ikalia tena. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Akaja dada mmoja wa ulinzi, mpole tu, na kile kifimbo chao cha kupimia. Akakipitisha kichwani, kimya. Tumboni, kimya. Kwenye mguu wa kulia kikapiga kelele kama jogoo.

"Mama, shikamoo. Naomba uvue kiatu."

Nikivua, Tereza ataona ufunguo ulipo, na watu wote wa stesheni watauona. Nikasema, "Ni chuma cha mkanda huu."

"Naona, mama, ila vua tu niangalie."

Na hapo, jamani, aliyenitetea ni Tereza mwenyewe. Akajitia kati yetu. "Dada yangu, huyu ni mgonjwa wa sukari. Haruhusiwi kukanyaga chini peku hata hatua moja. Akijikata hapa hatajua. Tuna barua ya kliniki." Alisema kwa sauti ya mtu mwenye haki, na alikuwa na haki kweli, maana ndivyo tulivyoambiwa. Yule dada akaniomba ninyooshe mguu, akapima kile chuma cha mkanda, kikalia, akaridhika. "Pole, mama. Pita."

Nikapita. Nilikaa dirishani nikiwa na furaha ya ushindi, na ardhi ya Morogoro ikapita kijani mbele yangu. Jirani yangu aliyekaa upande wa pili, bibi mmoja wa Kilosa, akanigawia machungwa na kuniuliza ninakokwenda. Nikamwambia naenda kusalimia. Akasema mbona nachechemea. Mimi? Nachechemea? Nikamwambia ni viatu vipya. Vilikuwa na umri wa Selestini.

Dar, mlangoni na nje ya mlango

Usiku huo kwa Selestini nako nililala na soksi zangu. Kesho yake Selestini alitupeleka kliniki, akatuacha kwenye benchi na kwenda kazini. Pazia la chumba lilikuwa jembamba. Ndani nikasikia sauti ya mwanamke, kavu kabisa, ikisema, "Hii sugu ni kubwa. Tukate leo leo, tusisubiri. Tukisubiri itaoza kwa chini."

Mnanielewa? Sugu! Mimi neno hilo nalijua la redioni: ugonjwa sugu, wezi sugu. Ngozi ngumu ya mguu sisi tunaiita ngozi ngumu, na kisigino kikipasuka ni magaga, basi. Nikajua ndani kuna mtu mwenye ugonjwa sugu na mguu unaondoka leo leo. Halafu zamu yangu inafuata! Nikamtazama Tereza, nikaona ametulia kabisa, anakula karanga. Yeye alishajua. Wote walishajua.

Nikamwambia naenda chooni. Nilipopinda kona nikashika njia ya geti. Sijatembea hivyo tangu ujana wangu. Jua la Dar linapiga chini na linapiga juu, magari yamejaa uwanjani, mimi nakata katikati yake nikitafuta bodaboda yoyote inipeleke stesheni. Nyuma nikasikia, "Wifi! Wifi, simama!"

Sikusimama.

"Wifi, kiatu chako kinaacha alama!"

Nikajua ni ujanja wa kunirudisha. Nikaongeza mwendo. Tereza akanifikia karibu na geti, akanishika mkono, akanigeuza kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo. "Tazama ulikotoka."

Macho yangu si mazuri, lakini saruji ya pale ni nyeupe. Nikaona alama moja nyekundu, mbele yake nyingine, kisha nyingine, zinakuja mpaka kwangu. Nikasema, "Hiyo si ya kwangu." Nikainua mguu wa kushoto, nikautazama, ukawa mkavu. Nikainua wa kulia.

Mimi sikusikia kitu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko ile damu. Nilisimama pale nikilia kama mtoto, na mguu wenyewe hauna habari.

Kitandani

Nesi aliyetoka nyuma ya pazia ni mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Tereza akamweleza kwa nini nilikimbia, naye akaniinulia mbele ya macho chombo chenye vipande vya ngozi ngumu, vya njano kama nta. "Sugu ndiyo hii, mama. Imeota chini ya mguu wa yule baba aliyekuwa humu. Ukiiacha inagandamiza nyama ya chini, nyama inaoza bila kujulikana. Tumeikata, ameondoka anatembea." Kweli, nilimkumbuka mzee mmoja aliyenipita pale koridoni na viatu vyake miguuni, akipiga mluzi.

Akanivua kiatu. Soksi ilikuwa imegandamana. Akailowesha kwa maji ya chumvi polepole, akaimenya, na ufunguo ukabaki umelala kwenye nyama chini ya kidole gumba. Ulikuwa umejichimbia kitanda chake.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ufunguo."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Babati."

"Na hukuusikia?"

"Ningeusikia ningeuacha hapo?"

Tereza aliutazama ule ufunguo, akautambua, akatazama pembeni. Ningependa anitukane. Hakunitukana.

Nesi akapiga magoti kuniosha. Nyinyi mnajua Alhamisi Kuu padri huchagua watu wa kuosha miguu, na mimi sijawahi kuchaguliwa hata mara moja. Sasa mtu amenipigia magoti, na bado nikajiuliza anataka nini. Ndivyo nilivyo. Alipomaliza, akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki, kama ule wanaovulia perege kule ziwani. "Funga macho. Nikikugusa, sema ndiyo."

Nikafahamu mara moja kwamba huo ndio mtihani wenyewe. Atakayeshindwa anakatwa. Nikafumba jicho moja na la pili nikaliacha upenyo. Mkono wake ukisogea, nasema ndiyo. Ukisogea tena, ndiyo. Akanitazama. "Mama, hapo sijakugusa."

Tereza akacheka kidogo kwa huzuni, akaja nyuma yangu, akaniziba macho kwa viganja vyake. Vilikuwa na harufu ya karanga. Nikakaa tayari. Nikasubiri. Kimya. Nikasubiri tena, nikasikia feni inazunguka, nikasikia Tereza anapumua kwa shida juu ya kichwa changu.

"Mbona huanzi?" nikauliza.

"Nimeshamaliza, mama," nesi akasema. "Nimegusa yote miwili, kila mahali."

Nikahisi kitu cha moto kinanidondokea utosini. Ni Tereza, alikuwa analia.

Nesi hakunificha. Akasema kidonda hakijafika kwenye mfupa, na kama hakitafika, mguu utabaki. Kikifika, hana ahadi. Basi nikabaki kwa Selestini wiki kadhaa, nakwenda kusafishwa, nimekatazwa kuukanyagia, nimevishwa kiatu cha ajabu kisichogusa kidonda. Kila nikienda ananifundisha, kwa ukali wa mwalimu wa darasa la kwanza. Maji ya kuoshea yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine, kwa maana mguu wangu hautajua kama yanachemka. Katikati ya vidole pakaushwe, na mafuta yasifike hapo. Kucha zikatwe kwa kunyooka, wala nisichimbe pembeni na wembe. Soksi iwe nyeupe, ili damu ikitoka isijifiche. Na kabla ya kuvaa kiatu chochote, ukung'ute, uingize mkono, upapase mpaka mwisho. "Mkono wako bado unasikia," akasema. "Utumie."

Siku ya mwisho akasema kidonda kimefunga. Nikamkumbatia mpaka kijasho kikamtoka. Halafu akauliza nani atakuwa anaangalia nyayo zangu kila jioni, kwa sababu mimi macho hayafiki huko, na hata kwenye kioo sioni vizuri. Nikafikiria watu wote ninaowaamini. Nikafikiria muda mrefu.

"Mimi," Tereza akasema, kabla sijamaliza kufikiri.

Kurudi Nakwa

Safari ya kurudi haina hadithi. Kondoa yule mhudumu alinikumbuka, akaniuliza kama sukari nimeiacha kwenye basi. Nikamwambia nimekuja nayo. Safari hii nilicheka.

Sasa niwaambie jambo ambalo Mama Bonifasi halijui, na akilisimulia nitajua limetoka kwenu. Kila jioni baada ya sala Tereza anakaa kwenye kigoda, anaweka mguu wangu mapajani, anawasha tochi ya simu, anatazama. Kisha anasema, "Hamna kitu." Mguu wa pili. "Hamna kitu." Basi, siku ya kwanza nikashukuru, na ya pili pia. Baadaye ile tabia yangu ikaamka. Mbona anamaliza haraka? Anaangalia kweli, au anatimiza wajibu? Mimi nitajuaje? Mguu hauniambii, macho hayafiki. Akiniambia hamna kitu wakati kipo, nitajua siku utakaponuka.

Juzi kabla ya sala nikachukua mkaa uliozimika, nikajipaka kwa kidole alama ndogo chini ya kisigino, ndogo kama punje ya mtama. Nikakaa. Akaja na kigoda chake, akawasha tochi. Mguu wa kushoto, "Hamna kitu." Akaushika wa kulia. Akanyamaza. Moyo wangu ukawa unagonga kama nimo tena mikononi mwa nesi. Akalowesha kitambaa, akafuta, akatazama kile kitambaa, kisha akanitazama mimi usoni.

"Ni mkaa," akasema.

Nikashindwa kuinua macho.

"Umenipima, wifi?"

"Nimekupima."

Nilijua sasa atainuka na kigoda chake, na ningekuwa sina pa kumlaumu. Yeye akarudi kwenye mguu wangu, akakausha pale alipofuta, akapitisha kidole katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Paka tena kesho," akasema. "Paka kila siku, kama ndivyo utakavyopata usingizi. Mimi nitauona."